Shajara ya mradi: programu inayojifunga, michirizi na miraba myeupe

Jumatatu

Kazi ya kusafisha picha nimeisimamisha. Kuanzia leo shajara hii inashughulika na jambo moja tu, kompyuta ya uhariri, ambayo sasa inatuharibia kazi kiasi kwamba siwezi kuendelea kuikabidhi picha za watu.

Kwa atakayesoma bila kujua tulikotoka: tunashughulikia negativu nyeusi-na-nyeupe za filamu pana, zile za sentimita 6 kwa 6. Mwenzangu anaskani kwenye kompyuta yake, mimi nafuta vumbi na mikwaruzo kwenye yangu. Baadhi ya negativu zinanuka siki, na harufu hiyo ina maana asetati ya filamu imeshaanza kuoza. Filamu ikifika hapo hairudi ilivyokuwa. Kwa picha kama hizo, skani ya leo huenda ndiyo pekee itakayobaki, kwa hiyo faili likiharibika mikononi mwangu hakuna uhakika wa kulipata tena.

Vumbi lenyewe linafutwa kwa mkono. Skana nyingi zina mwanga wa infraredi wa kutambua vumbi, lakini kwenye filamu ya fedha haufai kitu: chembe za fedha nazo zinauzuia mwanga huo, hivyo skana inaiona picha yenyewe kuwa ni uchafu. Inabaki brashi na subira. Programu ikijifunga katikati, kinachopotea ni saa nzima za jicho na mkono.

Nimekusanya malalamiko yote kutoka kwenye kurasa za nyuma za shajara. Programu hutoweka ghafla bila ujumbe wowote. Picha hujaa michirizi ya rangi ninapoisogeza kwenye skrini. Mara nyingine, baada ya kutumia kichujio cha kutia ukungu, hutokea mraba mweupe pe mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na kuna nyakati programu inakataa kuhifadhi ikidai diski imejaa, ilhali SSD, diski ya kompyuta, ina nafasi tele.

Yote manne yameandikwa kwa jina moja, “programu imegoma”, na dawa imekuwa moja, kuzima na kuwasha. Sitaki kuendelea hivyo. Dalili nne si lazima ziwe ugonjwa mmoja. Nitaifuata kila moja peke yake mpaka nimjue mwenyewe: kama ni faili, programu, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), au kifaa chenyewe ndani ya kompyuta.

Jumatatu, jioni

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nimepiga hesabu.

Picha kwenye negativu ya 6 kwa 6 ina takriban milimita 56 kila upande. Tunaskani kwa nukta 4,000 kwa inchi, na inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande unatoka pikseli 8,819. Jumla ni pikseli milioni 77.8. Faili la TIFF linalotoka kwenye skana lina chaneli tatu za rangi, kila moja ya biti 16, yaani baiti 6 kwa kila pikseli. Hiyo ni MB 467, na ndiyo namba tunayoiona kwenye folda.

Namba hiyo haisemi kitu kuhusu RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. Programu ikishafungua faili inazigeuza thamani zote kuwa desimali za biti 32 na kuongeza chaneli ya nne, ya uwazi. Sasa ni baiti 16 kwa pikseli, GB 1.24 kwa tabaka moja. Mimi huwa na matabaka matatu: skani asilia, tabaka la usafishaji, na tabaka la mwanga na kivuli. GB 3.7 zimeshaondoka kabla brashi haijagusa picha.

Kompyuta ina GB 16 za RAM, vipande viwili vya GB 8. Haina kadi ya grafiki ya peke yake. Grafiki iko ndani ya prosesa na inakopa RAM hiyohiyo. Mfumo ni Linux, na umetengewa swapu ya GB 4 kwenye SSD, nafasi ya kuhamishia yaliyomo kwenye RAM inapojaa.

GB 3.7 kati ya 16 si nyingi. Kama RAM inaisha, kuna kitu kingine kinachoila.

Jumanne

Nimeanza na kujifunga, kwa sababu ni dalili inayoacha ushahidi. Programu ikianguka kwa hitilafu yake yenyewe kwa kawaida huacha ripoti. Hii haikuacha. Nikafungua logi ya kernel, kumbukumbu za kiini cha mfumo, kwa amri ya journalctl -k, na mstari nilioutafuta upo: “Out of memory: Killed process”, kisha namba ya mchakato, kisha jina la programu yetu.

Kwa hiyo programu haikujifunga. Iliuawa. Linux ikiishiwa RAM kabisa huua mchakato mmoja ili mashine nzima isigande, na mara nyingi humwangukia yule anayekula zaidi. Ndiyo maana hakuna ujumbe unaoonekana kwenye skrini: mchakato uliouawa namna hiyo haupewi nafasi ya kuaga wala kuhifadhi.

Lakini programu hii ina adabu yake. Inaigawa picha katika vigae vidogo na kuvitunza kwenye akiba yenye kikomo. Ikifika kikomo, vigae vya ziada vinamwagwa kwenye faili la muda kwenye diski. Kikomo kimewekwa GB 8, nusu ya RAM, na hicho ni kiasi cha busara. Kwa nini basi RAM yote inaisha?

Nikaangalia faili la muda linaandikwa wapi. Mipangilio inasema /tmp. Nikaandika df -h /tmp, na jibu lote lilikuwa kwenye mstari mmoja: aina ya hifadhi ni tmpfs, ukubwa wake takriban nusu ya RAM.

Tmpfs si diski. Ni folda inayoishi ndani ya RAM, na kikomo chake cha kawaida ni nusu ya RAM yote. Hapa mambo yakajipanga yenyewe. Programu inajaza GB 8 za akiba, kisha inamwaga ziada “kwenye diski”, na diski hiyo ni ile nusu nyingine ya RAM. Ni kama kupunguza maji ya mtungi uliojaa kwa kuyamimina humohumo. Nusu na nusu ni nzima, na hapo hatujahesabu kivinjari, mazingira ya mezani wala grafiki.

Papo hapo dalili mbili zimeungana kuwa moja. Kukiwa na programu nyingine nyingi zimefunguliwa, RAM na swapu huisha kwanza na programu inauawa. Kukiwa na chache, tmpfs ndiyo inayofika kikomo kwanza, na programu inapata jibu la “No space left on device” inapojaribu kuandika. Inalitafsiri kuwa diski imejaa, na kwa upande wake inasema kweli. Nafasi iliyojaa ni ya /tmp. SSD haijahusika kabisa.

Kuweka /tmp kwenye RAM si kosa la mtu. Fedora ilianza hivyo na toleo la 18 mwaka 2013, na Debian ikafuata na toleo la 13 mwaka 2025. Kwa faili ndogondogo za muda ni utaratibu mzuri: ni haraka, hauchoshi SSD, na kila kitu kinafutika kompyuta ikizimwa. Haukukusudiwa tu kubeba vigae vya picha za pikseli milioni 78.

Nimetengeneza folda kwenye SSD, nimeielekeza programu huko, na nimeshusha akiba ya vigae hadi GB 6. Kisha nikafungua picha nzito kuliko zote na kurudiarudia kichujio cha ukungu kwa makusudi, dirisha la pili likionyesha hali ya RAM kwa amri ya free -h na ukubwa wa faili la muda. Akiba ilipofika GB 6 faili la muda likaanza kukua kwenye SSD, na RAM ikatulia. Programu ilipungua kasi, na nakubali kabisa. Polepole naivumilia, kupoteza kazi sivumilii.

Jumatano

Leo nilitaka kujua kwa nini akiba inafika GB 6 upesi kiasi hicho, wakati matabaka yangu ni GB 3.7. Mlaji ni historia ya kutendua, yaani nakala ambazo programu inazitunza ili niweze kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Kila kigae ni pikseli 128 kwa 128. Kwa baiti 16 kwa pikseli, kigae kimoja ni KB 256. Nikifuta doa la vumbi kwa brashi, mguso unaangukia kigae kimoja, pengine viwili, na ukianguka kwenye kona vinne. Programu inatunza nakala ya vigae hivyo tu, visivyoguswa haivinakili. Mguso wa brashi basi unagharimu MB 1 kwa wingi wake. Naweza kufuta madoa asubuhi kutwa na historia isiwe mzigo.

Kichujio kinachogusa picha nzima ni habari nyingine. Picha yetu ina vigae 69 kwa 69, yaani 4,761, na kutia ukungu au kunoa picha kunavibadilisha vyote. Hatua moja ya kutendua inakuwa GB 1.24. Ukijaribu kunoa kwa kiwango kimoja, ukatendua, ukajaribu kingine, ukaongeza utofauti, ukapunguza, umeshakula RAM kuliko kazi yote ya brashi ya wiki. Tena ni majaribio tu, ambayo hayatabaki kwenye picha.

Mpangilio wa idadi ya hatua za kutendua hausaidii sana hapa, kwa sababu hatua hazilingani uzito. Unaosaidia ni ule wa kikomo cha RAM ya kutendua, na nimeupa GB 1.5. Vichujio vya picha nzima nimejiwekea utaratibu wa kuvijaribu kwenye kipande kilichokatwa, pikseli 1,000 kwa 1,000, na kuvitumia kwenye picha kamili mara moja tu nikisharidhika.

Kisha nikageukia picha zenyewe. Ni negativu zisizo na rangi, lakini zinakuja na chaneli tatu za rangi zinazosema jambo lilelile mara tatu. Nikizigeuza kuwa za kijivu, chaneli nne zinakuwa mbili, kijivu na uwazi. Na kwa hatua ya kufuta vumbi desimali za biti 32 hazihitajiki. Skana yenyewe ilitoa biti 16. Biti 16, chaneli mbili: baiti 4 kwa pikseli, MB 311 kwa tabaka. Kutoka GB 1.24. Robo.

Biti 32 zitarudi kwenye hatua ya mwisho, ya mwanga na kivuli, ambako hesabu nyingi zinapangana juu ya picha moja na makosa madogo ya kukadiria yanaweza kujumlishana. Brashi ya vumbi haina haja nazo.

Programu sasa ni nyepesi hivi kwamba nimefanya kazi mchana mzima bila faili la muda kuguswa.

Alhamisi

Fupi. Programu ilikuwa inachelewa kuwaka, ikisimama kwenye hatua ya kusoma fonti. Nimejaribu kwanza na folda tupu ya mipangilio, kwa kuipa ile ya zamani jina jingine bila kuifuta, na ucheleweshaji ukabaki. Kumbe kulikuwa na folda ya fonti nyingi mno zilizoletwa kwa kazi nyingine, na mojawapo ilikuwa imeharibika. Nimeitoa. Haina uhusiano na lolote kati ya yale manne, naandika ili mtu asije kuitafuta tena.

Ijumaa

Michirizi. Hii ndiyo iliyokuwa ikitutisha kuliko zote kwa sababu inaonekana kama picha inachanika mbele ya macho.

Hapa swali la kwanza ni kama uharibifu uko kwenye picha au kwenye kuionyesha tu. Nimefuata njia hii. Nikaisogeza picha mpaka michirizi ikatokea, kisha nikaikuza kidogo. Michirizi haikukua pamoja na picha, ilibaki na upana uleule na ikahama mahali. Uharibifu uliomo ndani ya pikseli hukaa palepale kwenye shavu la mtu au ukingo wa dirisha, ukikuza picha nao unakua. Nikahamisha picha kama TIFF mpya huku michirizi ikiwa bado inaonekana, nikaifungua TIFF hiyo kwenye kompyuta ya pili: safi kabisa.

Nikapiga picha ya skrini. Michirizi imo ndani ya picha hiyo, kwa hiyo kebo na kioo vimetoka kwenye mashaka. Kama ingekuwa kebo, picha ya skrini ingetoka safi. Mwisho nikailazimisha programu kuchora kwa prosesa bila msaada wa grafiki. Ikawa nzito kusogeza, na michirizi ikatoweka yote.

Ni draiva ya grafiki. Toleo jipya zaidi lilikuwepo, nimeliweka, nimerudisha uchoraji wa grafiki, na tangu adhuhuri sijaona mchirizi. Picha zetu hazikuwahi kuguswa na tatizo hili, na nimemwandikia mwenzangu hivyo kwa maneno mengi kidogo, maana alikuwa na wasiwasi kama mimi.

Jumamosi

Miraba myeupe haijatokea tena tangu Jumatano. Ningeweza kuandika kwamba imepona. Lakini hakuna nilichofanya Jumatano ambacho kingeweza kuiponya. Nilipunguza biti na chaneli, basi. Dalili ikitoweka bila sababu inayoeleweka mimi siihesabu kuwa imetibiwa, hasa ikiwa ni dalili iliyokuwa ikiingia ndani ya picha na kuhifadhiwa nayo.

Nikarudisha picha moja kwenye biti 32 na kuanza kuitafuta. Ilichukua muda. Nikatia ukungu wa nusu kipenyo cha pikseli 20, na mraba ukajitokeza katikati ya anga, mweupe, kingo zake zimenyooka. Nikatendua, nikatia ukungu wa pikseli 60. Mraba ukawa mkubwa mara tatu, kitovu kilekile. Kwa hiyo mraba si kitu kilichoanguka juu ya picha. Unazaliwa na kichujio, kutoka kwenye nukta moja.

Nikatendua tena na kukuza kitovu hicho hadi asilimia 800. Pikseli moja nyeupe. Majirani wake wote wanane ni kijivu cha kati, wanafanana kama anga inavyopaswa. Nikaidonoa kwa kifaa cha kusoma rangi, na thamani iliyotoka haikuwa kati ya 0 na 1 wala karibu yake. Ilikuwa namba ndefu ya kutisha.

Kijivu cha kati, 0.5, kikiandikwa kwa kanuni ya IEEE 754 inayotumiwa na prosesa karibu zote tangu kanuni hiyo ilipowekwa mwaka 1985, kina biti 32: moja ya alama, nane za kipeo, 23 za sehemu ya desimali. Kipeo cha 0.5 ni 01111110. Geuza biti yake ya kwanza tu, kutoka 0 kwenda 1, na 0.5 inakuwa takriban 1.7 mara 10 kwa kipeo cha 38. Biti moja. Kichujio cha ukungu kinachukua wastani wa majirani, na namba kubwa kiasi hicho ikiingia kwenye wastani inammeza kila jirani aliye ndani ya eneo la kichujio. Hata uzito wake ukiwa mdogo kabisa pembeni, bado ni kubwa kupita nyeupe yoyote. Ndiyo maana eneo lote linakuwa jeupe kwa usawa, kwa umbo la eneo la kichujio, na ndiyo maana ni mraba.

Hapo nikaelewa kwa nini Jumatano ilionekana kuiponya. Kwenye biti 16 za namba kamili thamani haiwezi kupita 65,535. Biti ya juu ikigeuka, pikseli inaruka kwa 32,768, nusu ya kipimo chote, nayo inaonekana kama chembe ya vumbi. Biti ya chini ikigeuka, inaruka kwa 1 na hakuna jicho litakaloiona. Uharibifu haukukoma. Umejificha kati ya madoa ninayoyafuta kila siku.

Programu haina sababu ya kugeuza biti moja katikati ya anga. RAM mbovu inayo.

Jumamosi, usiku

Kipimo cha kwanza bila kufungua kompyuta. Mwenzangu huandika heshi ya SHA-256 ya kila skani kwenye kompyuta yake, ule mfuatano wa tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata biti moja ya faili ikibadilika. Nikaendesha sha256sum kwenye folda nzima ya skani asilia, na nyingi zikalingana. Moja haikulingana. Nikarudia hiyohiyo: haikulingana, na ilitoa heshi ileile yenye kasoro.

Hapa ni rahisi kusema faili limeharibika kwenye diski. Lakini Linux inaposoma faili inaliweka kwenye akiba ndani ya RAM, na ukilisoma mara ya pili inakupa lile lililo kwenye RAM bila kwenda kwenye diski. Kurudia kulikuwa kunasoma nakala ileile. Nikamwaga akiba ya mfumo kwa kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches, nikapiga heshi tena. Ikalingana na ya mwenzangu tarakimu kwa tarakimu.

Diski iko salama. Faili liko salama. Nakala iliyokuwa kwenye RAM ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Nikamtumia ujumbe. Akajibu, “Dada, niendelee kuskani au nisubiri?” Nikamwambia, “Endelea, kaka, mashine yako haina neno. Ila usinitumie faili lolote bila heshi yake.”

MemTest86+, programu ya kupima RAM, iko kwenye fleshi, nimewasha kompyuta kwa fleshi hiyo na nimeiacha ipime usiku kucha. Inabidi iendeshwe hivyo, nje ya mfumo, kwa sababu mfumo ukiwa umewaka unashikilia sehemu ya RAM na sehemu hiyo haipimiki.

Jumapili

Kioo kimejaa mistari myekundu. Makosa yote yako kwenye eneo moja dogo la anwani, na biti inayokosewa ni ileile. Laiti yangetawanyika kila mahali ningeshuku umeme, joto au mwendo uliozidi. Yakikaa sehemu moja, ni chembe za RAM zenyewe.

Hata hivyo nimepita hatua zote, maana kutupa kipande kizima si jambo la kufanya kwa kukisia. Kwenye mipangilio ya ubao mama nimezima XMP, ile inayoendesha RAM kwa mwendo wa juu ya kiwango cha kawaida: makosa yamebaki. Nimezima umeme, nimevichomoa vipande vyote viwili, nimevisafisha migusano na kuvirudisha: yamebaki. Nimepima kipande kimoja peke yake, safi. Cha pili peke yake, makosa. Cha pili kwenye sloti ya kwanza, makosa. Cha kwanza kwenye sloti ya pili, safi. Sloti hazina kosa, ni kipande cha pili.

Kompyuta za seva hutumia RAM ya ECC, ambayo kwa kila biti 64 za data huongeza 8 za ulinzi, na kwa hizo hurekebisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili. Kompyuta nyingi za kawaida hazina ulinzi huo. Biti inageuka na kazi inaendelea kimya. Kwa mtu anayecheza michezo pengine ni sawa. Kwa kazi ya kuhifadhi picha zisizo na nakala nyingine naona ni hatari ambayo inastahili kuwekwa wazi kwenye mpango wa mradi, na ombi la mashine yenye ECC nitaliandika.

Jumatatu

Inabaki sehemu iliyo ngumu: picha nilizozihariri kwa RAM ile.

Skani asilia ni salama, heshi zake zimethibitishwa upya kwa kipande kizima cha RAM. Picha zilizohaririwa hazina cha kuthibitishwa nacho. Zipo nilizozihifadhi kama PNG, na kila sehemu ya faili la PNG ina CRC yake, namba ya kukagua kama data imebadilika, nazo zote zinapita. Hilo halinithibitishii kitu. CRC ilipigwa wakati wa kuhifadhi, juu ya data iliyokuwa kwenye RAM wakati huo. Kama biti ilikuwa imeshageuka, CRC inalinda kosa kwa uaminifu uleule ambao ingelinda ukweli. Vivyo hivyo na heshi ninazoandika mimi baada ya kuhifadhi.

Kinachotuokoa ni kwamba hatua ya kufuta vumbi huwa naihifadhi kwa faili lake, kabla ya kugusa mwanga na kivuli. Katika hatua hiyo pikseli yoyote ambayo brashi haikupita inapaswa kuwa sawasawa na ile ya skani asilia, si kwa kukadiria. Nikitoa moja kwa nyingine, kila kisichoguswa kinakuwa sifuri. Vinavyobaki ni vya aina mbili. Mguso wa brashi huacha doa lenye pikseli nyingi zilizoshikana. Biti iliyogeuka huacha pikseli moja peke yake, majirani wote wanane wakiwa sifuri. Na tofauti yenyewe ni kipeo cha mbili kamili: 1, 2, 4, mpaka 32,768. Brashi haitoi namba hizo mara kwa mara kwa bahati tu.

Nimeandika skripti fupi inayotafuta hivyo: pikseli iliyo peke yake, na tofauti iliyo kipeo cha mbili. Ikipata, inairudisha thamani ya skani asilia na kuandika mahali ilipokuwa. Picha za biti 32 nimezishughulikia kwa njia nyingine, rahisi zaidi: thamani yoyote iliyo nje ya kipimo, au isiyo namba kabisa, haina haki ya kuwa kwenye skani, inatafutwa na kurudishwa. Hizo za biti 32 ambazo uharibifu wake umebaki ndani ya kipimo zinarudi kwenye njia ya kwanza, kulinganishwa na skani, kwa kuwa kugeuza biti 16 kuwa desimali za biti 32 hakupotezi kitu.

Faili za mwisho, zilizokwisha kupitishwa mwanga na kivuli, sizikagui. Zinatengenezwa upya kutoka kwenye faili za usafishaji zilizorekebishwa, kwa mipangilio ileile iliyoandikwa pembeni. Ni kazi ya mashine zaidi kuliko ya mkono.

Skripti imeshakamata za kwanza. Moja ilikuwa kwenye jicho la mtoto, biti ya 12, tofauti ya 4,096. Nilikuwa nimeipita nikidhani ni mng'ao wa taa.

Mashine inaendelea na kipande kimoja cha GB 8. Kwa matabaka ya MB 311 inatosha. Akiba ya vigae nimeishusha hadi GB 3, folda ya muda iko SSD, na draiva ya grafiki imebaki toleo la Ijumaa. Kila faili nitakalopokea linapigwa heshi likiingia na kabla ya kufunguliwa. MemTest86+ itaendeshwa tena kipande kipya kikifika, usiku kucha, kabla ya picha yoyote kufunguliwa juu yake.

Ukaguzi umefika robo ya mkusanyiko. Usafishaji wa picha mpya unaanza tena kesho asubuhi, skripti ikiendelea upande wa pili.